Mstari wa Sadaka

Sikuwahi kumjua kwa jina lake, na nadhani karibu Kerege nzima tulikuwa hivyo hivyo. Jina alikuwa nalo, lazima, maana serikali haimlipi mtu asiye na jina, lakini sisi tulimwita Bibi Shamba tangu siku ya kwanza hadi alipostaafu. Alikuwa afisa kilimo wetu. Wenzake wa kiume huitwa Bwana Shamba na hawasemi kitu. Yeye alipoanza kuitwa Bibi Shamba, anasema Mama, aligeuka nyuma kutazama ni mzee gani anayeitwa. Alizaliwa wapi, alisomea wapi, kwao ni nani, hayo waulizeni wengine. Mimi nitasema niliyoyaona, na mengine niliyoyasikia kwa Mama, ambaye haongezi chumvi isipokuwa kwenye mchuzi.

Jambo la kwanza la kumjua Bibi Shamba ni kwamba alikuwa akiogopa viwavi. Msicheke. Sisi tulicheka miaka mingi, ikatosha. Mwanamke mzima, kazi yake kukagua mashamba ya watu, akimwona kiwavi wa kijani asiyezidi ukucha anarudi hatua mbili na kushika kifua. Ndiyo maana hakuachana na mwavuli wake mweusi. Wageni walidhani ni wa jua. Ulikuwa wa kuonyeshea. Anasimama mbali, anaunyoosha, anakugusia jani kwa ncha yake: "Geuza hilo. Si hilo, la pembeni. Hesabu wako wangapi." Wewe unahesabu, yeye anaandika kwenye daftari lake akiwa ametazama upande wa barabara. Mama alimuuliza siku moja kwa nini asingesomea ualimu au ukarani akakaa mbali na wadudu. Akajibu, "Mama Shabani, mimi nilipenda mboga. Wadudu walikuja na mboga." Shabani ni kaka yangu mkubwa, na Mama huitwa kwa jina lake.

Jambo la pili, alikuwa mkali wa maneno. Sisemi mkali wa ulimi, maana hakuwahi kumtukana mtu. Alikuwa mkali juu ya neno lenyewe, litumike mahali pake. Kwetu sumu ya kuulia wadudu tunaiita dawa. Unapiga dawa, unanunua dawa, dawa imekwisha. Mbele yake usithubutu. "Dawa inamponya mtu," atasema. "Hiyo ni sumu. Sema sumu." Nilimwona akimsimamisha kijana mwenye duka la pembejeo barabarani, mbele ya wateja wake, mpaka kijana wa watu akasema, "Haya, shikamoo Bibi Shamba, nauza sumu." Akamwitikia marahaba, akaenda zake. Wateja wawili wakaondoka bila kununua. Kijana alilalamika mwezi mzima kwamba Bibi Shamba anamharibia biashara, na kusema kweli alikuwa akimharibia.

Nyumbani kwake sasa. Mtu aliyetuambia tupande hiki kando ya kile, tuchanganye, tuzungushie, ungetarajia ua wake uwe bustani. Niliwahi kutumwa kwake nikapeleka mapapai. Ua mzima mchanga mtupu, umefagiwa mistari mistari, na mlangoni kuna chungu chenye ua la plastiki. La plastiki! Nilirudi nikamwambia Mama, Mama akafikiri ninamsengenya mtu mzima, akanikemea. Baadaye nilimuuliza mwenyewe. Hakuona aibu hata kidogo. "Mwanaidi mwanangu, fundi wa viatu umewahi kumwona ana viatu vizuri? Nikifika nyumbani nataka kukaa mahali ambapo hakuna jani la kugeuza."

Alikuwa na mambo mengine madogo. Chai hakunywa mpaka iwe na tangawizi ya kuunguza koo. Hakukubali kupewa mboga shambani, akisema akipokea fungu la huyu ataambiwa amependelea, lakini mapapai alipokea, kwa hoja kwamba papai si mboga. Akiingia shamba la mtu, hata kama mwenyewe hayupo, alipiga hodi. Na alikuwa na msemo wake, sikuusikia kwa mtu mwingine: "Mdudu naye ana tumbo." Alikuwa akiusema kwa huzuni kidogo, kama mtu anayemtetea jirani mkorofi.

Lakini kama la kusimulia juu ya Bibi Shamba lingekuwa hilo tu, nisingekaa kitako kuandika. Ninaandika kwa sababu ya Mama na shamba lake la chainizi.

Mama alikuwa na matuta kumi na mbili bondeni, nyuma ya Kerege, aliyoachiwa na mama yake. Alipanda chainizi, ile mboga yenye majani mapana na mashina meupe, na wachuuzi wa Dar walikuwa wakimfuata hapo hapo. Viwavi wanaipenda chainizi kuliko binadamu wanavyoipenda. Wiki moja ukilala, majani yanabaki matundu matupu. Kwa hiyo Mama, kama wenzake wote, alikuwa na bomba la kubeba mgongoni, na kila baada ya siku chache anapuliza. Alipuliza miaka na miaka. Leso kichwani, puani hakuna kitu. Akaanza kukohoa. Tukasema vumbi. Akaanza kubanwa kifua usiku, akilala ameegemea ukuta. Tukasema baridi, baridi gani Kerege sijui. Mwisho tulimpeleka hospitali, na daktari, baada ya kumuuliza kazi yake, alimwambia maneno machache: kulima alime, lakini bomba asilishike tena, na shamba lililopulizwa asikae ndani yake.

Sasa chainizi bila kupuliza inalimwaje? Hakuna aliyejua. Kaka Shabani, ambaye anaishi Ubena, alikuja akasema suala ni jepesi: Mama ahamie kwake, matuta yakodishwe. Kaka alikuwa akisema kwa mapenzi, na hilo ndilo lililokuwa gumu, maana mtu angekuonea ungegombana naye. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ubena nitafanya nini? Nitakaa kwenye mkeka nisubiri kuletewa chai?" Akaomba msimu mmoja. Chainizi ikishindikana bila bomba, ataondoka mwenyewe, hatasukumwa. Kaka akakubali. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani, na nilijua Mama akienda Ubena atakufa. Sikuogopa kifua. Niliogopa ule mkeka.

Bibi Shamba alipata habari, sijui kwa nani, maana hatukumwambia. Alikuja kesho yake asubuhi, akapiga hodi kwenye matuta, akatoa kwenye mkoba kipande cha gazeti kilichokunjwa. Ndani mna mbegu nyeusi ndogo mno. "Haradali," akasema.

Haradali tuliisikia chuoni tulipokuwa tukisoma Kurani, punje ndogo kabisa ambayo nayo itapimwa Siku ya Kiyama. Kuiona kwa macho, ndiyo siku ile. Mama akaigusa kwa kidole kama kitu cha ibada.

Bibi Shamba alitufafanulia. Viwavi hawaanzi kuwa viwavi. Vinakuja vipepeo vidogo vya kijivu, vinatafuta jani la kutagia. Vikikuta chainizi peke yake vinatagia chainizi. Lakini vikikuta haradali vinaiona haradali tamu zaidi, vinatagia huko, na watoto wao wanakaa huko wanakula. Kwa hiyo haradali ipandwe kwanza, wiki mbili kabla, mstari mmoja kuzunguka shamba zima, ili chainizi ikiota ikute wageni wameshapata pa kulala. Na ule mstari usipulizwe, usipaliliwe sana, na sisi tusiuchume. Mama akauliza, "Na haradali yenyewe ataila nani?"

Bibi Shamba akatafuta neno. Nilimwona akilitafuta. Akakumbuka, nadhani, yale tunayofundishwa, kwamba chochote kinachokula kwenye mche ulioupanda, awe mtu, ndege au mnyama, unaandikiwa sadaka. Akanyoosha mwavuli akauzungusha hewani kuonyesha mpaka wote wa shamba. "Mama Shabani, huu mstari usiuhesabu kuwa wako. Huu ni sadaka."

Yeye, mtu wa kusahihisha maneno ya watu, alisema hivyo na akaenda zake.

Tukapanda. Haradali iliota haraka, ikajaza mpaka, majani mabichi makubwa. Tukapanda chainizi ndani. Na kweli, jamani, vipepeo vikaja vikakaa kwenye haradali. Nilikuwa nikienda alfajiri nikigeuza majani, huku kuna vidudu, kule kwenye chainizi kusafi. Mama akaanza kulala chali. Nilimsikia akiimba kaswida akimwagilia, jambo ambalo hakulifanya tangu augue.

Halafu ikaja Ijumaa moja nami nimekwenda Bagamoyo mjini kwa shangazi. Nimerudi jioni, nimekuta Mama amekaa barazani, uso umeng'aa, ametulia kabisa, ametoka kutimiza wajibu.

"Nimeitoa ile sadaka," akaniambia.

"Sadaka ipi?"

"Ya Bibi Shamba. Haradali. Nimewaita majirani, nikawaita wale wajane wa kule juu, na nyumbani kwa ustadhi nimepeleka beseni zima. Wameshukuru! Ati ni chungu kidogo, lakini ukiweka nazi inalika."

Nilikimbia bondeni na nguo zangu za mjini. Mpaka mzima umebaki vijiti. Walichuma vizuri, kwa adabu, hawakung'oa hata mche mmoja, lakini jani hakuna. Waliokuta viwavi waliwakung'uta pale pale chini. Viwavi wale, wenye njaa, walikuwa wamebakiwa na nini cha kula? Sikumlaumu Mama. Mtu aliyekulia pwani ukimwambia hiki ni sadaka, kisha ukamwachia akitazame kinaliwa na wadudu siku baada ya siku wakati jirani hana mboga, umemtia kwenye dhambi. Alivumilia wiki tatu. Mimi mwenyewe nilikuwepo pale liliposemwa neno na sikuwaza kitu.

Jumatatu chainizi za pembeni zilikuwa na matundu. Jumanne nikamfuata Bibi Shamba. Njia nzima alikuwa akitembea tu, mwavuli kwapani. Kufika, akapiga hodi, akaingia, akatazama vile vijiti.

"Nani kala haradali?"

"Majirani," akasema Mama.

"Majirani! Kwa nini?"

"Wee si ulisema sadaka?"

"Nilisema sadaka ya wadudu!"

"Hukusema ya wadudu. Na hata ungesema, Bibi Shamba, sadaka ya wadudu ndiyo sadaka gani? Mie niwanyime watu niwape viwavi, kesho nikasimame mbele ya Mungu niseme nini?"

Nilidhani Bibi Shamba atakasirika. Akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, akakaa chini kwenye udongo na gauni lake, akacheka hadi machozi. Mama akaanza kucheka naye, kisha akaanza kukohoa, na kile kikohozi ndicho kilichowanyamazisha wote wawili. Nilimwona Bibi Shamba akimtazama Mama anavyokohoa. Hakuwa na uso wa mtu aliyekuja kazini.

"Kosa ni langu," akasema. "Neno ni langu, kosa langu. Mwanaidi, lete ndoo yenye maji na sabuni."

Nikaleta. Akaweka mwavuli kando. Akakunja mikono ya gauni, akachuchumaa kwenye tuta la kwanza, akafumba macho, akapeleka mkono chini ya jani na kuanza kutafuta viwavi kwa vidole. Alipompata wa kwanza alipiga ukelele, akamtupa ndooni. Wa pili akapiga ukelele. Hivyo hivyo, tuta kwa tuta, sisi watatu, jua linapanda, yeye akisoma "Astaghafirullahi" kila akigusa kitu laini. Watu wakaja kusimama mpakani kutazama kuna nini. Wajane wawili waliopewa haradali waliposikia habari yenyewe walivua viatu wakaingia nao matutani. Tulimaliza adhana ya adhuhuri inaadhiniwa. Bibi Shamba alifumbua macho, akanawa mikono mara tatu, akaenda nyuma ya mgomba akatapika.

Alikuja siku nne mfululizo. Kata ina wakulima wengi na najua aliwaacha. Siku ya tano haradali ilikuwa imeanza kuchipua upya kwenye vile vijiti, maana waliochuma hawakugusa mioyo ya miche, na vipepeo vikarudi kwao. Matuta matatu ya pembeni yaliharibika, hatukuyapata tena. Tisa yalisimama.

Kaka Shabani alikuja mwisho wa msimu na gari la kuazima, la kubebea vitanda na masanduku ya Mama. Alikuwa ameshatengeneza chumba. Akamkuta mchuuzi wa Dar na wasaidizi wake wanafunga chainizi kwa mafungu, na Mama amesimama katikati akibishana nao kuhusu ukubwa wa fungu, sauti juu, hakohoi. Kaka akasimama kando akasikiliza ule ugomvi kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza taratibu, "Analala vipi?" Nikamwambia, "Chali." Akafuta uso kwa kiganja. Alirudi Ubena na viroba vya mboga kwenye lile gari, na chumba akampa mwanawe. Siku ile nililia nyuma ya choo, kwa furaha, kwa uchovu, sijui.

Tangu hapo haradali ikawa jambo la kawaida bondeni kwetu. Wengine wanapanda, wengine wanapuliza bado. Mama alipanda mistari miwili: mmoja wa nje wa viwavi, na mwingine mfupi karibu na kisima, wa majirani, ili asidaiwe na upande wowote. Bibi Shamba aliona, akaandika kwenye daftari. Baadaye alihamishiwa kata nyingine, akastaafu, tukamsikia kwa mbali.

Nilimwona tena mwaka huu. Ilikuwa arusini, hapa Bagamoyo mjini ninapoishi sasa. Wanawake tumekaa uani asubuhi tunamenya viazi na vitunguu saumu vya pilau, nikasikia mtu nyuma yangu anamwambia binti, "Hicho si kisu, hicho ni bati. Sema bati." Nikageuka. Amepungua, miwani minene, lakini ni yeye. Nikamwamkia shikamoo, akanitazama, akanitambua kwa sauti kabla ya sura. Hakuuliza mboga, hakuuliza haradali.

"Mama yako anapumuaje?"

"Vizuri, alhamdulillahi. Yuko shambani sasa hivi. Tumemkataza kubeba maji, anabeba."

Akamenya kiazi kimoja, akamenya cha pili. Kisha akaweka kisu mapajani.

"Mwanaidi, kuna jambo sikuwahi kulisema. Lile bomba. Mie ndiye niliyemfundisha. Nilipokuja kata yenu nikiwa msichana tu, tuliletewa mabomba, tukaambiwa tuwafundishe kinamama. Mama yako aliogopa ile harufu. Nikamwambia asiogope, hii ni dawa tu. Nilimfunga mikanda mgongoni kwa mikono yangu."

Nitasema kweli: nilikasirika. Niliona ile miaka ya Mama kulala ameegemea ukuta, nikatazama mikono ya bibi huyu yenye maganda ya viazi, na kwa muda kidogo sikumpenda. Nikachukua simu nikampigia Mama, nikaweka sauti kubwa kwa sababu mikono yangu ilikuwa na vitunguu, nikamweleza kila kitu kama nilivyoambiwa. Wanawake waliokaa karibu wakaacha kumenya.

Tulisikia maji yakimiminwa kule bondeni.

"Najua," akasema Mama. "Kwani nilisahau? Mpe simu."

Bibi Shamba akashika simu kwa mikono miwili.

"Bibi Shamba, siku ile ulisimama upande wa pili wa tuta, na upepo ulikuwa unakujia wewe. Hukufunga hata leso puani. Na ukaenda ukafundisha hivyo hivyo kata nzima. Miaka yote hii mie nakuwaza. Mwenzangu, wewe kifua chako kikoje?"

Bibi Shamba akainamisha kichwa juu ya simu.

"Kizima," akasema. "Wallahi, Mama Shabani, kizima."

"Usinidanganye. Hebu pumua nisikie."

Akaisogeza simu karibu na mdomo, akafumba macho, akavuta pumzi hadi mabega yakapanda, akaishusha yote.